Masalia yaliyoganda chupani: wanakemia waliokataa kuyatupa, na jinsi polima za viwandani zilivyozaliwa

Ndugu wanajukwaa,

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na kila ninapofika kwenye mada ya polima, yaani vitu vya molekuli ndefu zilizoungwa na vipande vidogo vingi kama mnyororo, hukutana na simulizi ileile: kwamba plastiki, nailoni na jamaa zake zote ziligunduliwa kwa bahati, kwamba mtu fulani alisahau chombo mezani, na asubuhi yake akakuta maajabu. Ninafungua uzi huu ili kuipinga simulizi hiyo. Sikatai kwamba bahati ilikuwapo, ila bahati hiyohiyo iliwapitia watu wengi kabla ya kumfikia aliyeitambua. Kwa miongo kadhaa wanakemia wa Ulaya walikuwa wakikuta chini ya chupa zao vitu vizito, vya kunata, visivyotaka kuyeyuka wala kuunda fuwele, na wakavihesabu kuwa ni uchafu wa jaribio lililoharibika.

Tazameni mifano michache. Mwaka 1839 Eduard Simon, mfamasia wa Berlin, alikeneka utomvu wa mti akapata mafuta aliyoyaita stiroli, na baada ya muda mafuta hayo yakageuka kuwa kitu kizito mfano wa jeli. Alidhani yamechukua oksijeni kutoka hewani. Kumbe alikuwa ameshika mkononi kile tunachokiita leo polistirini. Mwaka 1872 Eugen Baumann aliona unga mweupe ukijitenga ndani ya chombo cha gesi ya vinili kloridi kilichopigwa na jua. Unga huo ndio plastiki tunayoiita leo PVC, nayo ilikaa zaidi ya miaka 50 kabla ya Waldo Semon, huko Marekani mwaka 1926, kuipasha moto pamoja na vimiminika vizito na kupata kitu laini kinachopindika. Mwaka huohuo wa 1872 Adolf von Baeyer, bingwa wa rangi ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alichanganya fenoli na aldehidi akapata utomvu mgumu ulioshika kuta za chombo. Yeye alikuwa akitafuta rangi, na utomvu huo kwake ulikuwa kero tu.

Watu wa kwanza kupata faida katika eneo hili hawakuanza na molekuli ndogo hata kidogo. Walichukua polima ya mmea na kuigeuza. Alexander Parkes alionyesha mjini London mwaka 1862 vitu vilivyotengenezwa kwa selulosi, ndiyo polima hiyo ya mmea, iliyotiwa asidi ya nitriki, na John Wesley Hyatt wa Marekani, akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi, akaichanganya selulosi hiyo na kafuri na kupata seluloidi, ambayo hataza yake ilitolewa mwaka 1870. Ilikuwa hatua kubwa, lakini mnyororo wa molekuli ulikuwa umeshatengenezwa na pamba.

Aliyeunda mnyororo mwenyewe, akaanza na vitu viwili vya molekuli ndogo na kumaliza na kitu ambacho hakikuwahi kuwapo katika maumbile, ni Leo Baekeland. Alizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1863, akahamia Marekani, akatajirika kwa karatasi ya picha aliyomuuzia George Eastman, kisha akajifungia katika maabara aliyoijenga nyumbani kwake Yonkers. Alitaka kitu cha kuchukua nafasi ya utomvu wa wadudu uliotumiwa kuhami nyaya za umeme. Alirudi kwenye mchanganyiko wa Baeyer, fenoli na formaldehidi, na akauliza swali ambalo wengine hawakuliuliza. Wao walikuwa wakihangaika namna ya kuuzuia utomvu usigande, au namna ya kuuyeyusha ukishaganda. Yeye aliona kwamba kama hakuna kinachoweza kuuyeyusha, basi ugumu huo ndio mali yenyewe. Tatizo lililobaki lilikuwa mapovu, kwa sababu mchanganyiko ukipashwa moto hutoa mvuke unaouacha mgumu lakini wenye matundu kama sifongo. Hapo wengi wangepunguza joto. Baekeland aliliongeza, ila akaufungia mchanganyiko ndani ya chombo kizito chenye shinikizo kubwa ili mvuke usiweze kutanuka. Mwaka 1907 alipata kitu kigumu, kisichopitisha umeme, kisicholainika kwa moto, kinachotoka na umbo kamili la kalibu. Alikiita Bakelite, akakitangaza mbele ya wanakemia wenzake mjini New York mwaka 1909.

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, shukrani kwa mada hii. Kuna jambo linanitatiza. Watu kama Baeyer walikuwa mabingwa wa zama zao. Iliwezekanaje wasione kwamba kitu kilichoganda chupani ni molekuli ndefu? Je, hawakuwa na vifaa, au hawakuwa na wazo?

Mwanzisha uzi: Ndugu, umeuliza swali ambalo mimi naliona ndilo moyo wa historia hii, na utanivumilia nikilijibu kwa urefu.

Kilichokosekana ni wazo, na lililokuwapo badala yake lilikuwa na nguvu kubwa. Mwanakemia wa karne ya 19 alifunzwa kwamba kitu safi kina kiwango chake cha kuyeyuka, huunda fuwele na kina uzito wa molekuli unaopimika. Mpira, selulosi na utomvu havikutimiza hata sharti moja kati ya hayo. Walipojaribu kupima uzito wa molekuli zake walipata namba kubwa mno, makumi ya maelfu, na badala ya kuziamini namba hizo waliamua kwamba vipimo haviwezi kutumika kwa vitu vya aina hiyo. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba mpira ni mkusanyiko wa molekuli ndogo za umbo la pete, zilizoshikana kwa nguvu hafifu kama nyuki waliong'ang'aniana tawini: kwa mbali ni kitu kimoja, lakini ukiwatikisa kila mmoja anaruka kivyake.

Mwaka 1920 Hermann Staudinger, Mjerumani aliyekuwa profesa mjini Zürich, alichapisha makala iliyosema vingine. Kwake yeye, mfano sahihi haukuwa nyuki bali ushanga: vipande vidogo maelfu kwa maelfu, vimetungwa kimoja baada ya kingine kwa vifungo vilevile vya kawaida vinavyoshika atomu za molekuli yoyote ya kaboni. Hakuna nguvu ya ajabu wala kemia ya pekee, ila urefu.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi alivyolithibitisha jambo hilo, kwa kuwa unaweza kulifuata hata bila kuwa mwanakemia. Wapinzani wake walisema kwamba molekuli za mpira hushikana kwa sababu zina vifungo pacha vinavyovutana. Staudinger akafikiri hivi: kama ni kweli, nikiviondoa vifungo hivyo kwa kuvijaza hidrojeni, kundi lote litasambaratika na nitabaki na kimiminika chepesi kinachochemka na kukenekeka kama mafuta mengine yoyote. Alifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 1922. Mpira uliojazwa hidrojeni ulikataa kukenekeka, na mmumunyo wake ulikuwa na mnato vilevile kama kabla. Nyuki hawakuruka, maana hawakuwapo. Katika maandishi ya mwaka huo ndipo alipoanza kutumia neno makromolekuli.

Hata hivyo hawakumwamini. Heinrich Wieland, mmoja wa wanakemia wakubwa wa Ujerumani, alimshauri kwa barua aachane na wazo la molekuli kubwa, asafishe bidhaa zake, na angeona zikiunda fuwele na kujidhihirisha kuwa ni ndogo. Wataalamu wa eksirei nao walikuwa na hoja iliyoonekana nzito: kizio kidogo kinachojirudia ndani ya fuwele ya selulosi ni kidogo sana, na molekuli, walidai, haiwezi kuwa kubwa kuliko kizio hicho. Katika mkutano wa Düsseldorf mwaka 1926 Staudinger alisimama akiwa karibu peke yake. Kosa la hoja ile lilikuja kueleweka baadaye: mnyororo mmoja unaweza kupita katika vizio vingi mfululizo, kama kamba ndefu inayopita vyumba vingi vya nyumba moja.

Alipewa Nobel mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 72. Kwa maoni yangu hakuna kuchelewa kulikoumiza kama huko, kwa sababu kufikia mwaka huo watu walikuwa wameshavaa, wameshafunga na wameshahami nyaya kwa vitu ambavyo nadharia yake ndiyo iliyovieleza.

Mchangiaji wa pili: Basi tuje kwa Carothers, mwalimu. Nimesoma kwamba alitengeneza nailoni, lakini sielewi alihusikaje na ugomvi huu wa Staudinger.

Mwanzisha uzi: Alihusika moja kwa moja. Wallace Carothers, aliyezaliwa Iowa mwaka 1896, aliacha kufundisha Harvard mwaka 1928 akaenda kuongoza utafiti katika kampuni ya DuPont huko Wilmington. Aliona kwamba njia bora ya kuumaliza ubishi ni kuujenga mnyororo kiungo kwa kiungo, kwa mmenyuko unaojulikana kila hatua, kiasi kwamba hakuna atakayesema kilichopatikana ni rundo la molekuli ndogo. Chukua molekuli yenye asidi kwenye ncha zote mbili, na nyingine yenye alkoholi kwenye ncha zote mbili. Asidi hushikana na alkoholi na kutoa maji, kila ncha iliyobaki hutafuta mwenzake, mnyororo unakua.

Lakini ulifikia uzito wa molekuli wa 5,000 au 6,000 ukagoma. Sababu yake ni maji yaleyale. Mmenyuko huo hurudi nyuma: maji yanayobaki chomboni huvunja viungo kwa kasi ileile vinavyoundwa. Carothers na msaidizi wake Julian Hill wakatumia chombo cha kukeneka chenye ombwe kali, ambamo kila molekuli ya maji iliyotoka ilinaswa kwenye uso baridi isiweze kurudi. Mnyororo ukavuka 12,000. Mwezi Aprili mwaka 1930 Hill alichovya kijiti katika poliesta iliyoyeyuka, akakivuta, na uzi ukafuata. Ulipopoa aliuvuta tena, nao haukukatika: ulirefuka mara kadhaa, ukang'aa kama hariri, ukawa imara kuliko ulivyoanza. Minyororo iliyokuwa imejikunja ovyo ilikuwa imenyooka na kulala sambamba. Mwezi huohuo, katika maabara hiyohiyo, Arnold Collins alikuta mpira mgumu katika mojawapo ya chupa zake, nao ukawa neoprini.

Poliesta za wakati ule zilikuwa na kasoro: ziliyeyuka chini ya nyuzi 100 za Selsiasi, na maji ya moto yaliziharibu. Nguo isiyofulika haina maana. Kwa hiyo wakabadilisha kiungo, wakaweka amini mahali pa alkoholi, na tarehe 28 Februari 1935 wakapata poliamidi tunayoiita nailoni 6,6, inayoyeyuka karibu na nyuzi 265. Namba hizo mbili zinahesabu tu atomu za kaboni katika kila kimoja cha vipande viwili.

Mtu asiyewahi kuona nailoni ikizaliwa hajui ninachokizungumzia, kwa hiyo nieleze tunavyowaonyesha wanafunzi. Ndani ya bilauri unaweka diamini iliyoyeyushwa katika maji. Juu yake unamimina taratibu, ubavuni mwa bilauri, kimiminika kisichochanganyika na maji chenye kloridi ya asidi. Havitikiswi. Pale vinapokutana hutokea utando mweupe, mwembamba kama ule wa juu ya maziwa. Unaushika katikati kwa kibano na kuuinua, nao unapanda kama kamba. Na kila unachokiinua, utando mpya umeshaundwa pale chini kukijazia nafasi. Unazungusha kamba hiyo kwenye kijiti, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kimoja kati ya vimiminika kiishiwe. Onyesho hilo lilielezwa mwaka 1959 na Paul Morgan na Stephanie Kwolek, na jina hilo la pili nitalirudia.

Carothers hakuiona nailoni ikiuzwa. Alikuwa ameteswa na ugonjwa wa huzuni kwa miaka mingi, na alijiua mwezi Aprili mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 41. Tangazo la nailoni kwa umma lilitoka Oktoba 1938, soksi zake za wanawake zikaanza kuuzwa kote Marekani tarehe 15 Mei 1940, na muda si mrefu nyuzi zilezile zikahamishiwa kwenye miavuli ya kijeshi. Paul Flory, kijana aliyefanya kazi chini yake, aliendelea na hesabu za minyororo hiyo na akapata Nobel mwaka 1974.

Mchangiaji wa kwanza: Lakini mwalimu, polithini je? Hiyo wote wanakiri ilikuwa bahati tupu, tena bahati ya chombo kilichovuja.

Mwanzisha uzi: Chombo kilivuja, ni kweli. Hebu tuitazame vizuri. Mwezi Machi mwaka 1933, huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI walikandamiza gesi ya ethilini pamoja na benzaldehidi kwa shinikizo la karibu mara 2,000 ya lile la hewa, kwenye nyuzi 170. Walitarajia viwili hivyo viungane. Walipofungua chombo baada ya mwisho wa wiki walikuta kitu cheupe mfano wa nta, chini ya gramu moja. Hawakukiosha, walikipima, wakatambua kwamba ni ethilini iliyojiunga yenyewe kwa yenyewe. Walipojaribu kurudia, mara nyingine hakikutokea kitu, mara nyingine chombo kililipuka, na kazi ikasimamishwa.

Desemba 1935 Michael Perrin na wenzake walirudia wakiwa na vifaa imara zaidi. Shinikizo lilishuka kwa sababu ya uvujaji, wakaongeza ethilini mpya, na safari hii wakapata gramu kadhaa. Sasa fikirini: wangeweza kushukuru na kuendelea. Wao waliuliza kwa nini safari hii na si zile nyingine, na jibu likawa kwamba ethilini ile ya nyongeza ilikuwa na chembe za oksijeni. Oksijeni kidogo huanzisha mnyororo. Ikizidi, huleta mlipuko. Ikikosekana, hakuna kitu. Kuanzia hapo polithini haikutegemea tena bahati, na katika vita ikahami nyaya za rada.

Habari ya Teflon ni ya aina hiyohiyo. Tarehe 6 Aprili 1938 Roy Plunkett, naye wa DuPont, alifungua valvu ya mtungi wa gesi ya tetrafluoroethilini na gesi haikutoka. Mtungi mtupu hurudishwa, na ndivyo ambavyo mtu mwingine angefanya. Ila mizani ilionyesha kwamba mtungi bado una uzito wa gesi iliyotiwa. Waliukata kwa msumeno, wakakuta unga mweupe unaoteleza, ndio Teflon yenyewe, usioathiriwa na asidi yoyote waliyoijaribu.

Na Karl Ziegler, huko Mülheim, Ujerumani, alipoona mwaka 1953 kwamba jaribio moja la ethilini limesimama njiani na kutoa butini badala ya minyororo mirefu, aliwaagiza vijana wake wamtafute mkosaji. Walimpata: chembe za nikeli zilizobaki chomboni. Kisha wakajaribu metali nyingine moja baada ya nyingine, wakafika kwenye zirkonimu na titani, na hizo zikafanya kinyume cha nikeli kabisa: ziliunganisha ethilini kwenye shinikizo la kawaida la hewa, kwa minyororo iliyonyooka isiyo na matawi, hivyo plastiki ngumu zaidi. Giulio Natta wa Milano akatumia vichocheo hivyo mwaka 1954 kwa propilini, akapata polipropilini ambayo matawi yake madogo yote yameelekea upande mmoja. Wawili hao waligawana Nobel mwaka 1963.

Nimeahidi kumrudia Stephanie Kwolek. Mwaka 1965, akiwa DuPont, alikuwa akitafuta nyuzi imara kwa ajili ya matairi. Miyeyusho ya polima aliyoizoea ilikuwa mizito na angavu, kama asali. Uliopatikana safari hii ulikuwa mwepesi kama maji, tena wenye ukungu, na ukungu kwa kawaida humaanisha takataka zisizoyeyuka. Aliuchuja, na ukungu ukabaki. Mwenzake aliyesimamia mashine ya kusokota nyuzi hakutaka kuupitisha, akihofia takataka zitaziba matundu yake membamba. Kwolek alishikilia, na mwishowe ukapitishwa. Nyuzi zilizotoka hazikukatika pale ambapo nailoni ingekatika, na zilipopimwa ugumu matokeo yalikuwa makubwa kiasi kwamba alirudia vipimo kabla ya kumwambia mtu. Ule ukungu ulitokana na minyororo migumu, iliyonyooka kama vijiti, iliyokuwa imeshajipanga makundi makundi ndani ya kimiminika. Kwa uzito uleule, nyuzi hizo, zinazoitwa leo Kevlar, ni imara mara tano kuliko chuma cha pua. Mimi humtaja yeye kila ninapoambiwa habari za bahati.

Mchangiaji wa tatu: Nimefuatilia kwa makini, na ninawaheshimu watu hawa. Lakini mwalimu, hujagusa taka. Walitengeneza vitu visivyooza, na sasa vimejaa baharini. Je, hawakuliona hilo?

Mwanzisha uzi: Hoja yako ni ya haki, ndugu, na sitaikwepa. Kufikia mwaka 2015 dunia ilikuwa imezalisha tani zinazokadiriwa kuwa bilioni 8.3 za plastiki, na sehemu kubwa yake imekwisha kuwa taka. Kutooza ndiko walikokutafuta. Baekeland alitaka kihami kisichochakaa, na mnyororo wa polithini, kaboni kwa kaboni toka mwanzo hadi mwisho, hauna mahali ambapo kimeng'enya cha bakteria kinaweza kuushika kwa urahisi.

Lakini si polima zote zilizo hivyo. Poliesta zina kiungo ambacho maji yanaweza kukivunja, kilekile kilichomsumbua Carothers. Ile ya chupa za vinywaji, PET, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Dickson, iliimarishwa kwa pete za benzini ili istahimili joto, na hata hivyo mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza kumpata bakteria, Ideonella sakaiensis, anayeweza kuila. Na zile poliesta dhaifu za Wilmington zilizowekwa kando kwa sababu hazikustahimili maji zimerudi kazini. Mwaka 1932 Carothers na wenzake walichapisha utafiti juu ya laktidi, inayotokana na asidi ya laktiki, na namna inavyojiunga kuwa mnyororo. Polima za jamii hiyo leo hutengenezwa nyuzi za kushonea majeraha ndani ya mwili: hushikilia nyama hadi ipone, kisha maji ya mwilini huzikata kiungo baada ya kiungo, na daktari hana haja ya kurudi kuzitoa.